Sura ya Sita: Kadi Isiyonguruma

"Fahali kwa kifaranga," fundi wa kompyuta alisema, akizilaza kadi mbili juu ya meza. "Niambie wewe, afande. Nani mwenye akili zake anakubali kubadilishana hivyo?"

Mpelelezi alivuta stuli akaketi. Karakana ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja, na kila kitu kilichowahi kuharibika mtaani kilikuwa humo kikisubiri zamu yake. Katikati ya meza ilisimama kompyuta ya marehemu, ubavu wake umefunguliwa, matumbo nje.

"Ndilo nililokuja kuuliza," alisema. "Anza mwanzo. Nichukulie kama bibi yako."

"Bibi yangu hana pingu."

"Basi kaa mbali na mikono yangu. Sema."

Fundi alicheka, akainua ile kadi kubwa kwa mikono miwili. "Hii ni kadi ya picha. Kila unachokiona kwenye gemu, moshi, majani, uso wa adui, hii ndiyo inayokichora. Zote mbili ni vikongwe, madukani huzikuti tena. Lakini ng'ombe hazeeki maini. Fahali huyu, feni tatu, enzi zake watu walikuwa wanamuota usiku. Na huyu mdogo, feni moja, alitoka mwaka mmoja baada yake, ndiyo maana wasiojua hudhani ni bora. Mpya zaidi, basi bora zaidi! Wapi. Ukiniletea fahali mmoja nitakupa vifaranga viwili na shukrani juu yake."

Mpelelezi aliitikia kwa kichwa. Hayo yalikuwa sawasawa na jalada. Jalada lilisema kwamba kijana mmoja mwembamba, ambaye jengo zima lilimwita Sisimizi, alidondoka ngazini kutoka ghorofa ya tatu jua likizama, akafa palepale. Alikuwa anatoka kwa rafiki yake wa tangu utotoni, kijana mnene aitwaye Bonge, anayeishi ghorofa ya nne. Jirani aliwasikia wakigombana kuhusu kadi. Polisi walipofungua kompyuta ya Bonge walimkuta humo fahali, na mama wa marehemu akamtambua mara moja. Katika kompyuta ya mwanawe walimkuta kifaranga.

Ni kweli kwamba reli ya ngazi katika ghorofa ile ya tatu haikuwepo. Mafundi wa kuchomelea walikuwa wameing'oa alasiri hiyohiyo. Lakini mkuu wa kituo alikuwa na jibu lake. "Watu wazima kwa watoto walipita pale jioni nzima," alisema. "Kijana wa miaka ishirini na miwili, mzima wa macho na miguu, hatembei akaingia hewani. Kasukumwa." Kesho asubuhi Bonge angepandishwa kizimbani kwa kosa la kuua. Tangu akamatwe hakuwa amefungua mdomo, hata kujitetea.

"Zijaribu," mpelelezi alisema. "Zote mbili, ndani ya kompyuta ya marehemu, gemu lake lilelile."

Fundi alichukua bisibisi. Kabla hajamfunga fahali mahali pake, mpelelezi alimshika mkono.

"Hiyo nini?"

Katikati ya mapezi ya bati yanayopoza kadi, vumbi lilikuwa limeshikamana. Halikuwa la kijivu tu.

"Nyuzi," fundi alisema. "Si mama yake ni mshonaji? Kompyuta ilikuwa chumba kimoja na cherehani. Feni zinavuta kila kinachoelea."

"Nipe kibano."

Alichomoa vumbi la fahali, akalitandaza juu ya karatasi nyeupe. Juu palikuwa na utando mwembamba wa vumbi la kawaida; chini yake lote lilikuwa la njano. Kisha akamgeukia kifaranga. Huyu hakuwa na njano hata chembe. Chini kabisa, penye kugandamana, palikuwa na nyuzi za rangi ya damu ya mzee, na juu yake nyuzi za bluu, laini, za juzijuzi.

Mpelelezi alitoa simu. Iliita muda mrefu kabla ya sauti ya mwanamke kuitika, kavu kama kuni.

"Shikamoo, mama. Ni mimi, afande wa kesi ya kijana."

"Marahaba. Kaungama?"

"Bado. Nina swali dogo. Kitambaa cha rangi ya damu ya mzee ulikishona lini?"

"Zile ni sare. Watoto walipofungua shule, mwanzo wa mwaka."

"Na cha njano?"

"Mapazia ya hoteli. Hayo ni ya mwaka jana, yakaisha kabla ya sare." Sauti ilipanda. "Mwanangu yuko ardhini, wewe unaniuliza habari za nguo? Huyo Bonge nilimlisha sahani moja na mwanangu. Sahani moja! Muulize alishiba nini."

Simu ikakatika. Fundi alijifanya anatafuta msumari.

"Umesikia," mpelelezi alisema. "Fahali aliondoka nyumba ile mwaka jana, sare hazijaanza. Kifaranga aliingia wakati huo, akakaa hadi leo. Miezi, fundi. Bonge amekuwa na hiyo kadi kwa miezi, na muda wote huo Sisimizi anapanda ngazi kwenda kwake kila wiki. Mtu haendi kumtembelea mwizi wake."

"Au alimtisha akampa."

"Umemwona Bonge? Analia akikanyaga mende."

"Basi marehemu alikuwa na wazimu, Mungu anisamehe."

"Washa."

Fahali alipoamka, karakana nzima ilijua. Feni tatu zilianza kwa mluzi, zikapanda hadi kunguruma kama mashine ya kusaga. Kwenye skrini ukafunguka mji mtupu wa gemu, mvua ikinyesha, kila tone na kivuli chake. Fundi alicheza dakika chache huku akimwonyesha namba pembeni.

"Fremu sabini na kitu kwa sekunde. Yaani anachora picha sabini kwa kila sekunde. Kikongwe, lakini laini kama maji, afande! Angalia mwenyewe!"

Alimtoa, akamweka kifaranga. Picha ikawa inakwamakwama mvua ilipozidi. "Thelathini na tano. Nusu yake. Mtu akikuvizia kona, ukija kumwona ushakufa. Uwezo nusu, thamani nusu. Hapana, mimi hii biashara siielewi."

Mpelelezi hakuwa anaangalia namba. "Kwa nini sasa naisikia saa yako ya ukutani?"

Fundi alisikiliza. Kweli, saa ilisikika. Aliinama akachungulia ndani ya kompyuta. Feni moja ya kifaranga ilizunguka polepole bila sauti yoyote.

"Huyu hapati joto, kwa hiyo hapigi kelele. Ndiyo sifa yake peke yake. Ila gemu si maktaba."

"Nionyeshe mipangilio ya marehemu. Alivyoiacha yeye."

Fundi alifungua ukurasa, na kicheko kikamfutika usoni taratibu. Mwanga wa picha ulikuwa umesukumwa hadi mwisho. Vivuli, majani, mvua, vyote vilikuwa vimezimwa. Maandishi yalikuwa makubwa kama ya bango la barabarani. Lakini upande wa sauti, mtu alikuwa amekaa akatengeneza kwa subira: muziki sifuri, milipuko chini, nyayo za maadui juu kabisa, sikio la kushoto na la kulia yamepimwa mbalimbali.

"Kuna marudio ya michezo yake?"

"Gemu linahifadhi ya mwisho mwisho." Fundi alibonyeza.

Wakatazama. Askari wa Sisimizi alikuwa akitembea katika mji ule kwa namna ya ajabu. Hakukatisha uwanja hata mara moja. Alifuata ukuta, bega likikwaruza matofali, akageuka pale ukuta ulipogeuka. Adui mmoja alisimama wazi mbele yake, katikati ya barabara, na askari akampita kama hakuna mtu. Adui alipopiga hatua, askari akageuka ghafla na kumlenga kichwani kwa risasi moja.

"Kampita," fundi alinong'ona. "Alikuwa mbele yake, kampita."

"Nipe hedifoni."

Mpelelezi alivaa hedifoni, akafumba macho, akamwambia aanzishe upya. Mvua haikuwepo. Kulikuwa na nyayo tu, kushoto, mbali, kisha karibu. Alinyoosha kidole kuelekea zilipokuwa. Alipofumbua macho, kidole chake kilikuwa juu ya adui.

"Mrudishe fahali. Usizime sauti."

Fahali akanguruma. Nyayo zikamezwa. Mpelelezi alivua hedifoni, akaziweka mezani kwa uangalifu kama kitu kinachovunjika.

"Alikuwa haoni," alisema. "Si kipofu kabisa. Lakini alikuwa anaelekea huko, na alicheza kwa masikio. Fahali ana nguvu ya kuchora uzuri ambao yeye haufikii tena, na kelele zake zinamfunika kitu pekee alichobaki nacho. Kwa mtu huyo, kifaranga ndiye kadi bora."

Fundi alikaa chini. "Alikuja hapa mwezi uliopita kutengeneza waya," alisema. "Alijigonga na hiyo meza. Nikamwambia, we Sisimizi, umelewa asubuhi yote hii? Tukacheka wote. Alicheka sana."

Mpelelezi alikuwa ameshasimama. Kwenye skrini yule askari bado alikuwa akifuata ukuta.

"Alipanda kwenda kwa Bonge mchana," alisema, "reli ipo. Akashuka jua likizama, reli haipo. Wengine wote waliona."

*

Chumba cha mahojiano kilinuka dawa ya sakafu. Bonge aliletwa, akaketi, akaviangalia viatu vyake visivyo na kamba. Alikuwa amepungua, na shati lilimning'inia kama la kuazima.

Mpelelezi hakufungua jalada. "Alikuwa anaona kiasi gani?" aliuliza.

Bonge aliinua uso. Kisha akaurudisha kwenye viatu.

"Najua kuhusu kadi. Najua alikupa yeye mwenyewe, kabla ya sare. Najua alikuwa akicheza kwa nyayo. Nimebakiza hilo moja."

"Sijakwambia kitu, afande," Bonge alisema. Sauti yake ilikuwa imeota kutu. "Ujue hivyo. Sijakwambia mimi."

"Hujaniambia."

"Aliniapisha." Alifuta pua kwa mkono. "Alisema ni kama kutazama ndani ya bomba. Katikati anaona, pembeni giza. Na bomba linazidi kuwa jembamba. Jua likizama ndiyo hakuna kitu kabisa. Nilimpeleka kwa daktari wa macho. Akasema haurudi nyuma ugonjwa huo."

"Kwa nini mama asijue?"

"Baba yake mama alipofuka bado kijana. Sisimizi alimuuliza daktari, daktari akamwambia aina yao hupitia kwa mama. Mama mwenyewe haugui, anaupitisha tu kwa mtoto wa kiume. Akasema, 'Bonge, mama akijua hili atajiona yeye ndiye kanipofusha. Hatalala tena. Wacha nijifunze kwanza. Nikishajua kutembea, kufanya kazi, kila kitu, nitamwambia siku moja na atanikuta niko sawa.' Alikuwa anajifunza, afande. Alikuwa anahesabu kila kitu. Ngazi za kwetu alizishika kichwani, anateleza na reli kama maji. Hata mimi nilikuwa nasahau."

"Na siku ile?"

"Siku ile alijichoma mkono na birika kwangu. Nikaona basi, inatosha. Nikamwambia, chukua kadi yako, chukua kila kitu chako, mimi leo nampigia mama yako. Akasema nikifanya hivyo urafiki umekwisha. Nikamwambia uishe. Ndilo neno la mwisho nililomwambia. Uishe. Akatoka kwa hasira. Mimi sikutoka nje siku nzima, sikujua kama wameng'oa. Nikasikia anaita, mara moja. Aliita jina langu la shule."

Nje ya mlango askari walikuwa wakibishana kuhusu mpira.

"Ulikuwa uende gerezani maisha yako yote kwa kiapo?"

"Nilikuwa najiambia nitasema kesho. Kila siku nasema kesho. Halafu namfikiria mama pale mahakamani, mbele ya watu, anasikia. Amempoteza, halafu asikie na hilo." Alimtazama kwa mara ya kwanza usoni. "Heri anichukie mimi. Mimi naweza kubeba. Bonge mimi, si unaniona?"

Alijaribu kucheka, na kilichotoka hakikuwa kicheko.

Kabla ya alasiri mpelelezi alikuwa ameongea na daktari wa macho, aliyethibitisha kila neno, pia na mafundi wa kuchomelea, waliokiri kwamba hawakufunga hata kamba mahali pa reli. Mkuu wa kituo alisikiliza akiwa amesimama, akauliza mambo mawili, kisha akasema, "Mama yake atamwambia nani?"

"Mimi."

"Tunaweza kumwambia ni ajali tu. Basi."

"Ataniuliza kwa nini mwanawe hakuona pengo aliloliona kila mtu. Nimdanganye nini, mkuu? Ameshadanganywa kwa upendo mwaka mzima, na ona tulipofika."

*

Mama alimsikiliza akiwa amekaa wima kwenye kiti chake cha kushonea, mikono magotini. Mpelelezi alieleza kadi, nyuzi, sauti, bomba, reli. Hakuruka kitu. Alipofika kwa babu, alipunguza sauti, lakini hakusimama.

"Mwanangu alikuwa analenga shabaha," mama alisema. "Mtaa mzima walikuwa wanamwogopa kwenye hilo gemu. Wewe unaniambia kipofu?"

"Alikuwa analenga sauti, mama."

"Hapana."

"Mama."

"Hapana, nasema!" Alisimama, akaketi tena, kama aliyesahau alichosimamia. Macho yake yalikwenda kwenye kijisanduku cha sindano. Akakitazama muda mrefu.

"Tangu mtoto alikuwa ananitungia uzi," alisema. "Mimi macho yangu ya karibu yamechoka, yeye anatunga bila hata kuangalia. Mwaka huu akaacha. Nikimwita anasema ana kazi. Nikamwambia umekuwa mvivu, umekuwa na kiburi, gemu limekuharibu. Nilimsema vibaya, afande. Mbele ya wateja." Alikunja kitambaa kilichokuwa magotini, akakikunjua. "Angeniambia tu. Ningembeba mgongoni. Nilimbeba mara moja, ningeshindwa mara ya pili?"

Alikiweka kitambaa juu ya cherehani.

"Na yule mtoto mmemlaza wapi siku zote hizi?"

"Mahabusu, mama. Anatoka jioni hii."

"Nipeleke."

Walimkuta Bonge kaunta, akirudishiwa kamba za viatu. Alipomwona mama alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Hakuna aliyemwamkia mwenzake. Askari wa zamu, mtu mwenye maneno mengi siku zote, aliinamisha kichwa akajifanya anasoma.

"Nisamehe, mama," Bonge alisema. "Aliniapisha."

"Nimekwisha kuambiwa." Alisimama mbele yake, mdogo sana mbele ya mwili ule. "Nakuuliza kitu kimoja, na wewe hujaapa kwangu, kwa hiyo niambie kweli. Mimi alikuwa bado ananiona?"

Bonge alimtazama mpelelezi, kana kwamba kuna sheria ya kumwokoa. Haikuwepo.

"Usiku hapana, mama. Ndani ya nyumba pia hapana, tangu mvua zilipoanza. Lakini asubuhi, ukikaa na cherehani pale mlangoni, jua likikupiga usoni, hapo alikuwa anakuona. Alikuwa ananihadithia. Alisema una mvi mpya hapa." Akagusa pembeni mwa paji lake mwenyewe. "Ndiyo maana alikuwa anakusumbua ukashonee mlangoni."

Mama alipeleka mkono kwenye paji lake, mahali palepale. Vidole vilitafuta kidogo, vikatulia.

"Nami nilidhani," alisema polepole, "ananionea huruma macho yangu."